Kurasa Sita za Kijani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, tena kwenye kiti chenye mgongo, kwa sababu ni ndefu na goti lako sijalisahau. Linaendeleaje? Baba naye bado anajifanya hasikii ukimwambia apunguze redio? Msalimie sana. Mwambie mwanawe hajanenepa wala hajakonda, na zile sufuria alizonichagulia mwenyewe hazijaungua hata moja, isipokuwa ile ndogo, na ile ndogo iliungua kwa ajili ya mapenzi.

Usishangae karatasi kuwa za njano na upande wa pili kuwa na maandishi ya mashine. Ni karatasi za kazini ambazo hazitumiki tena. Usizigeuze kwanza. Nitakuambia wakati wa kuzigeuza ukifika.

Mama, nina raha. Naanza na hilo ili ulishike vizuri huku ukisoma mengine. Miezi mitatu imepita tangu harusi na bado kila asubuhi nikifumbua macho nageuka kuhakikisha kwamba yule mtu yupo. Yupo. Analala kama aliyedondoka kutoka juu, mkono huku, mguu kule, na vidole vyake vinapiga kinanda kwenye shuka hata usingizini. Sufuria yenyewe iliungua kwa sababu alikuja jikoni na povu la mswaki mdomoni kuniimbia mistari miwili iliyomjia bafuni, nami nikasimama hapo na mwiko mkononi, nikasahau kwamba duniani kuna moto. Ulipoguna siku ile nilipokuambia nimempata kwenye duka la kutoa kopi, ulisema mwanamume anayekuja dukani mara nne kwa siku na karatasi moja moja ama hana kazi ama ana shida. Kazi alikuwa nayo, Mama. Shida ilikuwa mimi.

Sasa nikupe habari za hapa. Mkweo anafundisha muziki chuo kikuu, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kila mwaka chuo kina tamasha la michezo mipya ya kuimba, ile ambayo watu wanaongea kidogo na kuimba sana. Mchezo unaletwa ukiwa mbichi kabisa na unapewa wanafunzi. Kwa wiki mbili wanauimba, wanaukosoa, mtunzi anakwenda kuukata na kuushona upya, kesho wanauimba tena. Mwishoni unaonyeshwa mara mbili, Ijumaa na Jumamosi, saa kumi jioni. Hakuna mavazi, mapazia wala vyombo; kitu wanakishika kwa kujifanya. Wanasimama kila mmoja mbele ya stendi yake ya nota, mswada wazi, na wanaimba. Jumamosi wanakuja wageni kutoka jumba kubwa la michezo kuchagua mmoja tu, ambao wataupeleka kwao na kuutengeneza kamili. Mwaka huu mkweo ana mchezo wake humo. Ameuandika kwa miaka mitatu, tangu kabla hata hajaniona.

Mimi nimepewa kazi ya kutunza kurasa. Usicheke, ni kazi kubwa. Kila mabadiliko yanapotoka, natoa kopi kwa rangi mpya ili watu wasichanganye. Mswada wa kwanza ulikuwa mweupe, mabadiliko ya kwanza yakawa ya bluu, kisha ya waridi, kisha ya njano. Mtu hapewi ukurasa mpya mpaka arudishe ule wa zamani, na anatia sahihi kwenye daftari langu. Mwongozaji wetu, mama mmoja mfupi ambaye wanafunzi wanamwita Kipenga kwa sababu ya sauti yake, aliniambia siku ya kwanza kwamba ukurasa mmoja wa jana ukibaki mkononi mwa mtu, mchezo mzima unaanguka kama meza iliyong'olewa mguu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimekaa na mashine ya kopi miaka mitano.

Wanafunzi wananiita Bi Harusi. Kila asubuhi wananipokea mlangoni wakiuliza, Bi Harusi, leo tunavaa rangi gani? Anayeongoza utani huo ni msichana mmoja mrefu anayesomea upimaji wa ardhi. Anatembea na rula ndefu kama fimbo ya mchungaji, na sauti yake ni safi hivi kwamba wote wamemwita Kengele. Hata sahihi yake kwenye daftari langu ni kengele ndogo, anaichora kwa mkupuo mmoja halafu anaitilia ulimi ndani, nukta na kamstari. Yeye ndiye mwanamke wa mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa mume na mke wanaoishi chumba kimoja. Mume anatengeneza vinanda, mke anashona. Nilipousikia mara ya kwanza niliona aibu na furaha pamoja, maana tangu tuoane mkweo amekuwa akiingiza vitu vya nyumbani kwetu. Mke wa mchezo ana birika linalopiga mluzi kama langu. Ndala yake moja iko chini ya kitanda daima. Akipiga pasi anazigombeza nguo. Siku Kengele alipouimba wimbo wa pasi, kwaya nzima iligeuka kunitazama. Akaniuliza mbele za watu kama ni kweli nyumbani huwa naligombeza shati la mwalimu wao. Nikamwambia shati lisipogombezwa halina adabu, linajikunja mbele ya wageni. Walicheka mpaka Kipenga akapiga meza.

Mwisho wa mchezo ulikuwa hivi. Wamegombana, mke amefunga sanduku, yuko mlangoni. Anageuka. Analifungua sanduku na kutoa nguo moja moja, na kila nguo ina ubeti wake, mpaka sanduku linabaki tupu na anabandika birika. Huo ulikuwa mwisho wa njano. Mama, kila mazoezi nililia. Nilijifanya napanga karatasi nikalia nazo.

Halafu ikaja Jumanne. Katikati ya wimbo huo Kengele alinyamaza, akainua mkono kama yuko darasani, akasema samahani Mwalimu, huyu dada mimi simwelewi, amefunga nguo zote hizi kwa nguvu zote hizi, halafu anazitoa kwa sababu wimbo umekuwa mtamu? Mimi ningeondoka. Nilimtazama mume wangu nikitegemea amjibu. Alitia penseli mdomoni na kuitafuna.

Tangu saa hiyo hakukalika nyumbani. Alikuwa anaosha kikombe ambacho kimeshaoshwa. Anakwenda dirishani, anarudi, anafungua kabati, hachukui kitu. Nikimuuliza kuna nini, ananibusu kwenye paji la uso na kusema si kitu, na mimi namjua mtu anayesema si kitu. Nami nikaanza kutangatanga nyuma yake, yeye dirishani, mimi mlangoni, nyumba ya vyumba viwili ikawa kama stendi ya mabasi. Jumatano nilikuwa napiga pasi akaniuliza, kama mzaha, eti siku nikiamua kuondoka ningechukua nini kwanza. Nikacheka nikamwambia birika, mengine atabaki nayo. Hakucheka. Alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja.

Alhamisi mchana akanipa kurasa sita, nizitoe kwenye karatasi za kijani, nakala kumi na nane. Nikawa nazisoma zikitoka kwenye mashine. Ukurasa wa kwanza wanagombana. Wa pili anafunga sanduku. Wa tatu yuko mlangoni, anageuka, nikapumua. Wa nne, anarudi hadi jikoni, analichukua birika likiwa bado na joto, analifunga kwenye taulo, analilaza juu ya nguo na kulifunga sanduku. Hapo niliacha kusoma. Mashine ikaendelea kutoa kurasa na mimi nimesimama mkono kifuani, nikijiuliza nimemkosea nini mtu huyu katika miezi mitatu hata ananiona nimeshabeba birika.

Ijumaa asubuhi watu wote walipewa kurasa za kijani wakazifanyia mazoezi, mimi nikikaa nje nisisikie. Kengele hakuwepo, alikuwa na mtihani wake wa upimaji mpaka saa tano. Kipenga hakuwa na wasiwasi, alisema yule binti anasoma nota kama wengine wanavyosoma vibao vya maduka. Akaniagiza nimpelekee kurasa mlangoni mwa chumba cha mtihani, atie sahihi, azipitie wakati wa chakula cha mchana, aje jukwaani moja kwa moja. Nikatia kurasa na daftari kwenye mkoba, nikaenda, nikarudi.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Mama, ungewaona jinsi watu walivyokaa mbele wakisubiri. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Wimbo wa pasi ulipigiwa makofi mpaka ukarudiwa. Nikawa nasema moyoni, tumeshafika.

Ikaja sehemu ya mwisho. Mkweo mwenyewe yuko kwenye kinanda. Akaanza ule mwanzo mpya, mzito, wa taratibu. Kengele akatazama mswada wake, akatazama kinanda, akasubiri, kisha akaingia na wimbo wa njano. Anatoa nguo. Kijana anayeimba mume, aliyekuwa na ya kijani, akamuuliza kwa uchungu kwa nini anaweka birika kwenye sanduku. Kengele alikuwa anamwimbia kwamba analiweka motoni. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mume wangu akaiacha nota yake akamfuata Kengele kwa wimbo wa zamani, akampata, nikaona jasho linamshuka, na papo hapo kwaya watu kumi na wanne wakaingia na ya kijani, kwaheri, kwaheri, huku mwanamke anatandika kitanda. Sasa ukumbi mzima ulicheka. Walicheka mahali ambapo mtu alipaandika kwa miaka mitatu ili walie.

Nyuma ya jukwaa Kipenga hakupaza hata sauti, na hiyo ilitisha zaidi. Alimuuliza Kengele kurasa za kijani ziko wapi. Kengele akasema hakupewa. Kipenga akaninyooshea mkono, nikampa daftari, akafungua. Kwenye mstari wa Kengele kulikuwa na kengele ndogo. Kengele akaitazama, akasema hii kengele haina ulimi. Mtu mmoja akadhani anafanya utani akamwambia leo si siku ya utani. Akanigeukia, akaniita shemeji, si Bi Harusi, akaniuliza kama kweli nilimpa. Nikasema watu ni wengi, sikumbuki.

Basi Kipenga akakata shauri. Leo Jumamosi, mbele ya wageni, msichana mwingine wa kwaya ataimba nafasi ile akisoma kwenye karatasi, na Kengele atasimama mstari wa nyuma. Alichukua rula yake akatoka. Ni mwaka wake wa mwisho, Mama. Wageni wale wanachagua na waimbaji pia.

Jioni mkweo alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. Alisema kinachomuuma si kicheko, bali yule binti, kwa sababu mwisho ule ulizaliwa mdomoni mwake. Nikamuuliza kwa nini lazima mke aondoke. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yana unyevu. Akasema tangu tuoane, kila akipanda ngazi anasikiliza kwanza kama birika linapiga mluzi, na asipolisikia anasita pale pale ngazini. Akasema kitu anachokiogopa sana hukiandika, kikishaimbwa kinakaa kwenye karatasi na kumwachia nyumba yake. Halafu akavua viatu, akalala, na vidole vyake havikucheza chochote.

Mama, unakumbuka siku ya harusi ulivyowasimulia watu habari ya kitabu changu cha darasa la nne? Kile cha punda aliyekufa ukurasa wa mwisho, nikaugundisha kwa gundi ili asife, na mwalimu akakuita shuleni. Watu walicheka, na mume wangu alicheka kuliko wote. Basi mimi ni yule yule.

Sikumpa. Nilisimama nje ya chumba cha mtihani na kurasa sita mkobani. Kengele akatoka, vidole vina wino, akanikumbatia akauliza kama kuna mabadiliko. Nikamwambia hakuna, mwisho ni ule ule wa njano. Nikaenda nyuma ya ngazi, nikatoa daftari nikachora kengele kwa mkono wangu. Ulimi sikuukumbuka. Nilidhani mwimbaji mkuu akiimba kitu, wengine wote watamfuata, na yule mwanamke atabaki nyumbani kwake, na mimi kwangu. Sikufikiria kwaya. Sikumfikiria Kengele hata kidogo, na hilo ndilo linalonisuta kuliko yote.

Tangu alfajiri nimezunguka meza hii. Mume wangu ametangulia ukumbini. Sikuwahi kumficha kitu, hata ile sufuria nilimwonyesha. Naogopa nikimwambia, ule wimbo alioutunga ili usitokee ndio utatokea, ila atakayebeba sanduku ni yeye. Nisipomwambia, nitakuwa naishi na mtu mzuri huku nimemwibia. Naiweka barua hii mkobani pamoja na kurasa zile. Nakwenda, Mama. Nitamalizia nikirudi au nikiwa huko huko.

Niko ukumbini, saa tisa na nusu. Nikuambie kwa mpangilio, Mama.

Nilianza na mume wangu, akiwa anafuta vumbi kwenye kinanda. Nilimweleza yote nimesimama. Alifunga kifuniko cha kinanda taratibu sana. Akaniuliza kitu kimoja tu, niliishia kusoma ukurasa wa ngapi. Nikasema wa nne. Akarudia, wa nne, kama mtu anayesoma namba ya nyumba. Akasema basi leo nikae mbele kabisa, nisikie wa tano na wa sita. Hakunigusa, Mama, na hakuniita jina lolote. Lakini aliponipita alisimama kidogo, nikausikia mkono wake ukikaribia bega langu halafu ukaahirisha.

Kipenga akawaita wote, akataka niseme mwenyewe. Nikasema mbele ya kwaya yote, na mbele ya Kengele, ambaye alikuwa mstari wa nyuma na rula yake. Hakuna aliyenitania. Kipenga akalichukua daftari, akaniambia kazi yangu ya kurasa imekwisha, na Kengele arudi mahali pake. Yule msichana wa kwaya alishusha pumzi mpaka watu wakacheka.

Nikampa Kengele kurasa sita. Alizipokea bila kunitazama, akachukua daftari kwa Kipenga, akalifungua kwenye mstari wa jana, akaomba kalamu, akaitia ile kengele yangu ulimi. Nukta na kamstari. Akasema sasa nimepokea. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ataitafakari baada ya mtihani wa Jumatatu, kwa sasa ana nyimbo za kusoma. Halafu, akiwa ameshanipa mgongo, akasema kuna kitu kimoja naweza kumfanyia. Amechoka kubeba hewa mbele za watu. Nikamletee birika lenyewe.

Nikarudi nyumbani mbio. Nilibandika maji kwanza, kwa sababu kwenye ukurasa wa nne birika lina joto. Likapiga mluzi nyumba tupu. Nikamwaga maji, nikalifunga kwenye taulo, nikalibeba barabarani kifuani kama mtoto, nikamkabidhi Kengele mkononi. Aliligusa, akashangaa, akasema, enhe, hili sasa ni birika. Hakutabasamu, lakini karibu.

Wageni wameingia. Wako watano, wamekaa nyuma yangu, mmoja anakohoa. Sijui watachagua nini. Sijui mume wangu ataniambia nini tukifika nyumbani, wala kama tutakwenda kwa njia moja. Kurasa mbili za mwisho bado sijazisoma. Zilikuwa mkononi mwangu siku mbili, na ningeweza kuzitazama hata barabarani, lakini nimeziacha. Nitazisikia zikifika.

Sasa, Mama, unaweza kuzigeuza karatasi hizi. Upande wa pili ni ule mwisho wa njano, mwanamke anatoa nguo zake moja moja. Ni mzuri, msomee Baba akizima redio. Mimi nimeuacha kwenu.

Niombee. Mwambie Baba sufuria bado ni nzima, na birika lipo jukwaani, linaonekana kutoka hapa nilipo. Mkweo anakusalimu, au angekusalimu kama angejua nakuandikia sasa hivi. Anafungua kinanda. Amenitazama.

Mwanao akupendaye,
yule yule wa gundi